Fundi kompyuta wa Ng'ambo hapa Tabora: kazi anaijua, ila uende umejipanga

Wana Tabora, kama una kompyuta nyumbani inajizima yenyewe au inajiristati katikati ya kazi au inakutupia ile skrini ya bluu yenye kauso kalikonuna, kabla hujaibeba kwenda kupigwa Windows upya nisome kwanza. Kuna fundi yuko Ng'ambo nampa nyota nne kati ya tano, hiyo moja nimeibana na sababu nitasema huko mbele. Jina simuweki hapa kwa sababu hana hata bango, ana kakibanda kanakotazamana na mwembe mkubwa, ukifika Ng'ambo uliza fundi wa kompyuta anayepima pima sana utaonyeshwa, wenyewe wanamjua kwa hilo hilo na wengine wanamcheka nalo.

Kompyuta yenyewe ni desktopu ya mtumba, prosesa yaani ubongo wake ni Core i5 ya kizazi cha tatu, ramu (ile kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB 8 yaani vijiti viwili vya GB 4, hadidiski GB 500, ilikuja na basi kutoka Kariakoo miaka ya nyuma na kijiti kimoja cha ramu tuliongezea hapa hapa mjini. Iko sebuleni kwetu Ipuli. Mimi ni mwalimu natungia mitihani humo, mume wangu anawekea hesabu za asali yake, na watoto wakiipata ni katuni mpaka usiku. Kwa hiyo sio kompyuta ya kujaribia jaribia, ikilala nyumba nzima inajua.

Tatizo lilivyoanza lilikuwa la kuudhi kwa sababu halikuwa na ratiba. Kuna siku inafanya kazi asubuhi mpaka jioni bila neno, siku nyingine unafungua Word tu paa imezima, giza, afu inajiwasha yenyewe kama vile hakuna kilichotokea. Na mara nyingine haizimi, inaleta bluu, maandishi yanapita haraka huwezi hata kusoma, inajiristati. Mtihani wa kidato cha pili maswali kumi na kitu yalishawahi kupotea hivo hivo, na mtu yeyote anayetunga mtihani anajua lile swali la kwanza ulilolifikiria likipotea huwezi kulirudisha lilivyokuwa.

Nilianzia kwenye duka moja mjini kati, la vioo, lina feni na viti vya kukalia, jina silitaji na msiniulize inbox. Kijana wa kaunta hakuniuliza hata swali moja. Hajui inazima saa ngapi, hajui inazima vipi, kaangalia sipiyu, yaani lile kasha lenyewe, akasema mama hao ni virusi tupige Windows, elfu 20. Sawa, ikapigwa. Nimefika nyumbani haijamaliza hata siku ikazima tena. Nikairudisha, safari hii akaja mkubwa wake akafungua ile Event Viewer, sehemu Windows inapoandika matukio yake, akanionyesha kwa kidole alama nyekundu imeandikwa Kernel-Power na namba 41, akaniambia unaona mwalimu imeandika yenyewe hapa pawa, pawa saplai yako, kile kisanduku cha kugawa umeme ndani, imekufa. Elfu 45 pawa saplai mpya na ile ya zamani wakabaki nayo, "itakusaidia nini mama ni uchafu tu". Nikaondoka nayo kwenye bajaji nimeipakata kama mtoto, nyumbani ikakaa vizuri kidogo tu ikaanza tena mtindo wake.

Sasa huyu wa Ng'ambo ndo alinifafanulia hiyo namba 41, na naiweka hapa kwa sababu naona wengi wanaibiwa kwayo. Hiyo 41 maana yake ni kwamba Windows ilipowaka ikakuta mara ya mwisho haikuzimwa kwa utaratibu. Bas. Haisemi kwanini. Umeme wa nyumba nzima ukikatika, utaandikwa 41. Mtoto akichomoa waya, 41. Ukikandamiza kitufe mpaka ikazima kwa sababu imeganda, 41 hiyo hiyo. Kwa hiyo mtu akikuonyesha hiyo peke yake akakwambia pawa saplai, anakuuzia tu. Inaweza kuwa kweli pawa saplai, sikatai, lakini hajapima.

Nilivyofika kwake alinipa shikamoo mwalimu, nikaitikia, afu akanikalisha kwenye ndoo iliyogeuzwa maana viti hana, akachukua daftari la shule la kawaida lenye jedwali la kuzidisha nyuma, akaanza maswali. Inazima ghafla kama umekata umeme au inaleta bluu kwanza? Au inaganda tu panya haisogei? Inazima ikiwa imetoka kuwashwa au ikishakaa saa nzima? Ukifanya kazi gani? Mchana au usiku? Ikizima taa za nyumba nazo zinacheza? Friji iko kwenye eksitensheni moja na kompyuta? Kabla haijaanza kuna kitu mliongeza, ramu, printa, programu? Nilimwambia fundi mbona kama niko hospitali ya Kitete naandikisha kadi, akacheka lakini hakuacha kuandika.

Na maswali yenyewe hayakuwa ya kupoteza muda. Alinieleza kwamba kompyuta inayokata ghafla bila neno mara nyingi ni umeme au joto, kwa sababu hapo Windows haipati hata nafasi ya kusema lolote. Inayoleta bluu ina maana Windows ilikuwa bado hai, imeona jambo la hatari ikaamua kusimama, hapo unawaza ramu, draiva (zile programu ndogo zinazoendesha vifaa), hadidiski. Inayoganda tu kama picha, wa kwanza kushukiwa ni hadidiski ingawa na joto linaweza. Yangu ilikuwa inafanya mawili, inakata na inaleta bluu, kwa hiyo yeye toka mwanzo akasema mwalimu mimi naona kama hapa tuna wagonjwa wawili ndani ya nyumba moja, tusiwachanganye. Wale wa mjini walikuwa wanatafuta ugonjwa mmoja.

Kabla hajagusa chochote akaniambia tuhamishe mafaili yako kwanza. Kwa hili nampa alama kubwa. Aliniambia nikae pale pale niangalie anachokopi, akaweka kwenye flashi yangu mwenyewe sio ya kwake, akasema kompyuta inayozima zima ovyo ukianza kuipima ndo inaweza kufa moja kwa moja, sasa mafaili yakiwa humo tutalia wote. Kule mjini kompyuta yangu ililala kwao na picha zangu zote na matokeo ya wanafunzi humo, na Windows ikapigwa bila kuulizwa kama nina bakapu, bahati yangu tu vitu vyangu vingi vilikuwa kwenye D, ile sehemu nyingine ya diski.

Halafu akafanya kitu kidogo ambacho yeyote anaweza kufanya nyumbani bila fundi. Windows ikipata bluu imepangwa ijiristati yenyewe, ndo maana huwahi kusoma. Unabonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, unaandika sysdm.cpl, unaingia Advanced, kwenye Startup and Recovery unatoa tiki ya Automatically restart. Kuanzia hapo bluu ikija inakaa inakusubiri, unapiga picha na simu. Na kuna nyingine unaandika perfmon /rel, inakuletea kama kalenda yenye misalaba myekundu siku zote ambazo kitu kilikwama, unaweza kuona kama shida ilianza siku uliyoweka programu fulani. Hii ya pili ilinishangaza, iko kwenye Windows tangu enzi za Vista na mimi nimeishi bila kujua.

Akaiacha inafanya kazi pale mezani, kweli bluu ikaja ikakaa, MEMORY_MANAGEMENT. Akasema haya, ramu inanukia, lakini maneno ya bluu usiyaamini yote, yanakuonyesha mtaa sio nyumba. Draiva mbovu nayo inaweza kuandika hivo hivo. Akanikumbusha lile la tarehe 19 Julai 2024, apdeti moja ya CrowdStrike, kampuni ya ulinzi wa kompyuta, ilivyolaza kompyuta za Windows dunia nzima, Microsoft wenyewe walikadiria kama milioni 8.5, viwanja vya ndege vikasimama, na ramu zao zilikuwa nzima kabisa. Kwa hiyo lazima upime.

Sasa sehemu niliyoipenda kuliko zote ni alivyofungua sipiyu. Jamani. Sisi ni watu wa Tabora, vumbi letu la kiangazi mnalijua, ule mwezi wa tisa na wa kumi kabla mvua haijaanza, upepo unapita unaacha meza imekuwa nyekundu. Alifungua ubavu kwa bisibisi, tukakuta zulia. Sio utani, kati ya feni na zile mbavu za chuma zinazokaa juu ya prosesa kulikuwa na tabaka la vumbi limeshikana na nywele na nyuzi za pazia, unalivuta linatoka kipande kizima kama kitambaa. Na mende mmoja mkavu. Feni inazunguka vizuri kabisa lakini inapuliza ukuta, hewa haipiti. Kabla hajasafisha aliiwasha kwanza hivo hivo na programu ya kusoma joto, HWMonitor, prosesa ikaonyesha nyuzi 80 na kitu Windows ikiwa imefunguka tu haifanyi lolote, akaipa kazi kidogo ikapita 95, na haikuchukua muda ikakata. Giza. Akaniangalia akasema umeona mwalimu, huyo ndo mgonjwa wa kwanza, na tumemkamata akiwa macho.

Maelezo yake ni kwamba prosesa nyingi hizi za Intel za desktopu kikomo chake kiko karibu na nyuzi 100, ikisogea huko inajipunguza spidi yenyewe ili ipoe, ndo ule uzito wa mchana tuliokuwa tunasema ni virusi, ikishindwa kupoa inajikata ili isiungue. Sasa weka na joto la chumba lenyewe la mwezi wa kumi hapa kwetu, limepita 30, bati juu, kompyuta imesukumwa kwenye kona ya kabati ili watoto wasiguse. Ndo maana ilikuwa inazima zaidi mchana na usiku inatulia, na mimi siku zote nilidhani ni umeme wa mchana.

Usafi wake ulikuwa wa adabu. Kaitoa nje chini ya mwembe, kachukua blowa, lakini feni kaishika kwa kidole isizunguke wakati anapuliza, anasema ukiiacha izunguke kwa upepo wa blowa unaiharibu. Akafungua ule mzigo wa chuma juu ya prosesa, ile pesti ya kupitisha joto ilikuwa imekauka imekuwa unga, ukiikwangua inadondoka kama chokaa ya ukutani. Akaifuta kwa spiriti na pamba, akaweka pesti mpya kiasi cha punje ya mchele katikati, akakandamiza chuma kikakaa. Nilimwambia ongeza fundi pesti yenyewe si nimelipia, akasema ikizidi inakuwa blanketi, kazi yake ni kuziba vitundu tu. Akachukua tochi ya simu akapitia kapasita, vile vikopo vidogo vya kutunza umeme kwenye madabodi yaani bodi kuu, moja moja kuona kama kuna iliyovimba kichwa au kuvuja, akasema mabodi ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 yaliua watu kwa hilo, kapasita zilitoka viwandani mbovu, ila hii yangu safi. Kuwasha tena, nyuzi 45, ikipewa kazi inafika 60 na kitu na inakaa hapo hapo. Mimi nilikuwa nimeshatoa pochi nilipe niondoke.

Akasema bado. Na hapa ndo nilianza kuona kero, maana jua limenigeukia pale kwenye ndoo na yeye ana maneno mengi, kila mteja anayepita anasimama anamweleza kesi yangu, huyu mwalimu ameuziwa pawa saplai, watu wananihurumia barabarani mpaka unajisikia vibaya. Fundi kama unasoma hapa, kazi nzuri, ila habari za mteja zibaki kwenye daftari.

Kuhusu hiyo pawa saplai aliipima kwa multimita ile mpya, waya wa njano unatakiwa volti 12, ikishuka chini ya 11.4 au kupita 12.6 ndo unaanza kuwa na wasiwasi, ikasoma 12 na ushee ikiwa kazini. Nzima. Akauliza ya zamani iko wapi niipime nayo, nikamwambia walibaki nayo, akanyamaza kidogo akasema walai wamekuweza. Kwa hiyo hatutajua milele kama ile ilikuwa mbovu, lakini kwa vile tatizo liliendelea na mpya ikiwa ndani, hesabu unaifanya mwenyewe. Tangu siku hiyo fundi yeyote akinibadilishia kitu, iwe bomba la jikoni iwe betri ya saa, kile cha zamani naondoka nacho.

Ramu sasa. Akatengeneza flashi ya MemTest86, hii ni programu ya bure inapima ramu kabla Windows haijawaka kabisa, toleo la bure linakwenda mizunguko minne, inachukua masaa kwa hiyo akasema kompyuta inalala. Akanipa karatasi imeandikwa namba ya sipiyu na vitu vilivyomo, ramu mbili, diski moja, yaani hata mtu akichomoa kijiti kimoja usiku nina ushahidi. Kesho yake nimekuta picha kwenye simu yake, skrini imejaa mistari myekundu. Lakini hakusema nunua ramu GB 8 mpya. Alichomoa vyote viwili, akasugua meno ya dhahabu ya vijiti kwa kifutio cha penseli taratibu maana anasema uchafu tu wa hapo unaweza kuleta haya yote, akarudisha kimoja akapima, kisafi. Akaweka cha pili kwenye tundu lile lile, nyekundu. Akahamisha hicho cha pili tundu jingine, nyekundu tena. Kwa hiyo tundu halina kosa, kijiti ndo kibovu, na kilikuwa kile tulichoongezewa hapa mjini. Kijiti kimoja cha DDR3 (aina ya ramu ya mashine hii) GB 4 cha mtumba elfu 18, akakipima na chenyewe mbele yangu kabla hajapokea hela. Hapo ndo nikaelewa kwanini wanamcheka, kweli anapima mpaka alichouza mwenyewe.

Kuna watu watasema si angetumia tu ile ya Windows yenyewe, unaandika mdsched inapima ramu. Nilimuuliza. Akasema ipo na sio mbaya, ikikuonyesha kosa iamini, ila ikikwambia hakuna kosa usishangilie sana, inaweza kupitwa na kosa linalojitokeza mara moja moja. Nyumbani anza nayo kwa sababu haihitaji flashi wala nini.

Hadidiski nayo akaipitisha CrystalDiskInfo, programu ya kusoma afya ya diski, ikatoka njano, Caution yaani tahadhari, kuna sekta (vipande vya diski) zinasubiri kuhamishwa. Akasema hii haijafa na sio yenyewe inayokuzimia, lakini usiiamini na kitu ambacho unacho hapo tu. Akanipa bei ya SSD, ile diski ya kisasa yenye kasi, akasema sio lazima leo, ukiwa nayo njoo, na hakunisukuma. Nilikuja kuinunua baadaye mshahara ulivyotoka na kwa kweli kama mna kompyuta za zamani hizi fanyeni hivo, yangu ilikuwa inawaka mpaka chai inaiva sasa hivi hata kikombe hujakishika.

Akakuta pia wale wa mjini walivyopiga Windows waliweka kraki, kiprogramu cha kuiwezesha bila leseni, na ili kraki ifanye kazi wakazima ulinzi wote wa virusi. Yaani walisema wanatoa virusi wakaniachia mlango wazi. Hiyo kaiondoa, na Windows 10 ikarudi kujisajili yenyewe kwa leseni ya mashine, kumbe ilikuwa nayo tangu mwanzo. Hapo hapo akanitahadharisha kwamba Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine ya kizazi cha tatu haimo kwenye orodha ya Windows 11, wao wanataka Intel kuanzia kizazi cha nane na TPM 2.0, kichipu cha ulinzi. Kuna njia za kuilazimisha, akasema anazijua ila hatoi dhamana, au aniwekee Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, bure. Linux nimemwambia aniache kwanza, mume wangu na Excel yake ya asali tutagombana.

Kwenye umeme wa nyumbani ushauri wake umenisaidia kuliko nilivyotegemea. Friji nimeihamisha eksitensheni. Nilikuwa najua stabilaiza na UPS ni kitu kimoja, yeye akasema stabilaiza inasawazisha umeme ukipanda au kushuka kutoka ile 230 ya kawaida, lakini umeme ukikatika na yenyewe imekatika, UPS ndo ina betri, inakupa dakika chache u-save uzime kwa heshima. Sio ya kuangalizia katuni, watoto wangu wamejaribu. Na betri yake inachoka baada ya miaka michache, watu wanaitupa UPS nzima kumbe ni betri ya volti 12 ndani ya kubadilisha. Msimu wa mvua radi zikianza kuanzia mwezi wa kumi na moja, chomoa ukutani kabisa, swichi peke yake haitoshi, hilo wala halihitaji fundi.

Haya nyota niliyobana. Kwanza muda. Alisema Alhamisi, nikaipata Jumamosi jioni, na simu hapokei, unapiga inaita mpaka inakata, ukimfikia anakwambia nilikuwa napima mwalimu. Kama una kazi ya haraka ya ofisini huyu atakupandisha presha. Pili kuna hela ya vipimo, elfu 10, unalipa hata kama hutengenezi kitu na hairudi kwenye bili, na hasemi mpaka umeshakaa kwenye ndoo. Mimi baada ya elfu 65 za mjini naona ni halali kabisa, ila angebandika karatasi mlangoni mtu ajue. Tatu risiti mpaka uombe, inaandikwa kwa mkono, na dhamana ya ramu ni mwezi mmoja kwa maneno ya mdomo. Na nilivyofika nyumbani nimekuta skurubu za ubavuni zimewekwa mbili badala ya nne, sipiyu ikitikiswa inalia kwa kishindo cha bati. Nilimpigia, hakupokea.

Jumla yote, vipimo elfu 10, usafi na pesti elfu 15, ramu elfu 18, elfu 43, chini ya bei ya ile pawa saplai niliyouziwa bila sababu. SSD ni nje ya hapo. Kompyuta imepita kiangazi kizima mpaka mvua zimeanza, haijakata wala haijaleta bluu, na mitihani ya muhula imetoka humo yote. Kila baada ya miezi michache mume wangu anaitoa nje anaipuliza kwa blowa ya kuazima, feni ameshika kwa kidole kama alivyofundishwa.

Kwa wanaotaka kwenda, nenda asubuhi kabla jua halijafika upande wa ndoo, beba flashi yako yenye nafasi, na ukiweza piga picha ya bluu kabla hujaondoka nyumbani atakupenda. Laptopu anapokea. Printa hataki hata kuziona, usimpelekee. Jumapili hafungui. Simu za vioo vilivyopasuka ni jirani yake wa kushoto, ila huyo sijawahi kumtumia kwa hiyo msije mkasema nimewatuma mimi.